Musisaini karatasi kando ya kitanda

Maneno tuliyoambia vijana wa Butembo





Leo tunataka kuongea juu ya ile saa moja nyuma ya aksida. Wote tunaijua. Kamio inatoka Kasindi, inapita Beni, inafika huku kwetu na mizigo. Inagonga moto. Motari ameanguka huku, mteja wake kule. Watu wanajaa. Wengine wanapiga picha, wengine wanatafuta petroli. Kisha mkubwa mmoja anaita familia pembeni: "Tupatane kindugu, tutalipa hospitali."

Mwenzetu mmoja alipita hapo. Alikuwa mteja kwenye moto, mguu ukavunjika. Siku ya pili, angali na serumu mkononi, baba yake mudogo akasaini: mwenye kamio analipa faktire ya hospitali, familia haitadai kitu tena. Faktire ililipwa kweli. Lakini mfupa uliunga vibaya. Ikahitajika operesheni nyingine, na biashara yake ya viatu sokoni ikasimama. Tulipomuona mwenye kamio, alitutolea ile karatasi tu.

Hatumlaumu baba mudogo. Aliogopa mgonjwa atazuiliwa hospitali juu ya deni. Lakini miaka yote ya mbele iliuzwa kwa bei ya siku mbili.

Sheria inasema nini? Code civil yetu, kitabu cha 3, amri ya 30 Julai 1888, kipengele 258: anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake, analipa. Kipengele 259 kinaongeza uzembe. Kipengele 260: bosi anajibu juu ya kosa la mtumishi wake akiwa kazini. Kwa hiyo shofere akisema "mimi ni masikini", muulize: kamio ni ya nani?

Tena, sheria inalazimisha chombo chenye motere kuwa na asiransi ya kulipa watu wengine kinaowaumiza. Na sheria ya 17 Machi 2015 ilifungua soko, SONAS haiko tena peke yake. Na hasara si faktire tu: ni kazi iliyosimama, matibabu yanayokuja, ulemavu, maumivu.

Basi tufanye hivi:

– Piga picha ya plaki, ya karatasi ya asiransi na ya pahali penyewe, mbele chombo hakijasogezwa.
– Andika majina na namba za simu za walioona.
– Omba PCR ifanye PV, na uchukue namba yake.
– Omba munganga sertifika, chunga kila faktire.
– Mtu akitoa pesa ya kusaidia, pokea. Lakini karatasi iseme "sehemu ya malipo", isiseme "madai yamekwisha".
– Kesi ya kuumiza ao kuua bila kukusudia ikifika mbele ya hakimu, jiandikishe kama partie civile, ili malipo yako yaamuliwe hapohapo.

Kwa wale wa petroli: kamio ikiungua, ushahidi unaungua nayo, na shofere amekwisha kimbia. Hakuna mguu uliopona juu ya moshi.

Kwa motari, wandugu zetu: bila asiransi, siku utamgonga mama mwenye beseni kichwani, deni ni lako na pengine la mwenye kukupa moto.

Na kwa polisi: kukagua asiransi kusiishie kwa noti ndani ya mkono. Chombo kinachoachiliwa vile asubuhi, jioni kinaacha mtu bila mlipaji.

Vijana, kila mmoja wetu atafika siku moja kando ya kitanda kama kile. Mkubwa wa familia atakuwa na bic mkononi, macho mekundu. Msalimie kwa heshima, kisha mwambie: "Baba, ngoja kwanza. Tungoje munganga aseme."