JOTO LA KAZINI: PUMZIKO LIPANGWE ASUBUHI, LISIOMBWE MCHANA

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*

Ndugu wanachama, haya ni maneno yaliyosomwa na Katibu kwenye mkutano wa tawi wa Jumapili, 9 Februari 2025. Tunayatuma hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini. Mwenye simu amsomee asiye na simu.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa Kamati, viongozi wa mashina, ndugu wanachama,

Ajenda ya ada na kadi ipo na tutaifikia. Tumeomba tuanze na hii ya joto kwa sababu ukipitia daftari letu la wanachama, wengi wetu tunakula kwa kazi ya juani. Tuna saidia fundi, wafyatua tofali, bodaboda, wabeba mizigo wa sokoni na machinga. Tuna mama lishe, ambao wana jua mgongoni na moto usoni.

Msimu wenyewe ndio huu. Kaskazi inapovuma, Desemba mpaka Machi, Dar es Salaam hufika nyuzi 31, 32 na kupita hapo, tena kivulini. Mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Wapo wanaosema hizo ni nyuzi chache, mbona Uarabuni wanafika 45 na watu wanaishi? Jibu liko kwenye mtungi. Mtungi unapoza maji kwa sababu unatoka jasho na upepo mkavu unalikausha. Mwili nao uko hivyo hivyo. Hapa pwani hewa imeshiba unyevu, jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi. Ukibeba zege, misuli nayo inazalisha joto lake. Kwa lugha ya uhasibu, linaloingia linazidi linalotoka, na salio linabaki mwilini.

Mwili wenye afya hukaa karibu na nyuzi 37. Ukifika 40, akili inaanza kuvurugika, na figo, ini na moyo vinaumia. Hicho ndicho kinachoitwa kiharusi cha joto. Si kile cha kupooza upande mmoja tunachokijua kwa wenye presha, lakini nacho kinaua, na kinaweza kuua siku hiyo hiyo.

Tusidhani tunazungumza habari za mbali. Wiki mbili zilizopita kijana wa shina letu mojawapo alianguka kwenye jengo linalojengwa hapa mtaani. Ilikuwa siku yake ya tatu kazini, na ilikuwa siku ya zege. Tangu saa saba alikuwa akijibu maneno yasiyoeleweka. Wenzake wakacheka, wakasema amevuta. Alipoanguka, wengine wakasema ni mashetani, na msimamizi akatuma mtu akanunue Panadol. Aliyemwokoa ni mama lishe, mwanachama mwenzetu, aliyemmwagia ndoo mbili za maji ya kuoshea vyombo na kumpepea kwa kipande cha boksi mpaka bajaji ikapatikana. Kijana yuko hai, ila hajarudi kazini na figo zake bado zinafuatiliwa hospitali. Ujira wa siku ile hakupewa, kwa maelezo kwamba hakumaliza siku.

Kwa hiyo kila mmoja wetu ashike haya manne:

*1. Dalili za mwanzo.* Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, mkojo mchache wa rangi nzito. Mtoe mtu juani, mpe maji, apumzike. Asiambiwe ajikaze.

*2. Dalili za hatari.* Kuchanganyikiwa, kuongea ovyo, kupepesuka, degedege, kuzimia. Usisubiri jasho likauke ndipo uamini. Anayefanya kazi ngumu anaweza kuzidiwa huku amelowa chepechepe.

*3. Anza kupoza pale pale.* Mmoja akitafuta usafiri, wengine wampeleke kivulini, wamvue nguo nzito, wammwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Barafu ikipatikana iwekwe shingoni, kwapani na kinenani. Hata ndani ya bajaji mwendelee kumlowesha. Kila dakika anayokaa na joto lile ni hasara kwa ubongo wake.

*4. Asiyejitambua asinyweshwe kitu chochote.* Na Panadol haisaidii hapa, kwa sababu hii si homa ya ugonjwa.

Ndugu wanachama, hayo ni ya baada ya mtu kuanguka. Tunalotaka kukubaliana leo ni la kabla.

Tujiulize, kwa nini kijana yule hakupumzika? Kiu alikuwa anaisikia. Lakini kibarua analipwa kwa kutwa na mfyatua tofali analipwa kwa tofali. Kila pumziko linakatwa kwenye mfuko wake mwenyewe. Akisimama peke yake saa nane kuomba kivuli, ataitwa mvivu, na kesho getini wapo wengine kumi wanaosubiri nafasi yake. Anayeogopa zaidi ni mgeni wa kazi, na ndiye ambaye mwili wake haujazoea. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea kazi ya joto, ndiyo maana wengi wanaokufa kwa joto kazini hufa siku zao za mwanzo.

Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa joto kazini linaua wafanyakazi 18,970 kila mwaka. Na tukumbuke Hija ya mwaka huo huo. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, ikasema wengi wa marehemu hawakuwa na vibali rasmi na walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mapumziko. Jua lilikuwa la wote, lakini hema lilikuwa la aliyeandikishwa. Kibarua asiye na mkataba yuko katika hali hiyo hiyo.

Msimamo tunaoupendekeza kwa tawi ni huu: pumziko lipangwe asubuhi, na watu wote kwa pamoja, kabla ya koleo la kwanza kuingia mchangani. Linaloombwa na mmoja mchana linaonekana udhaifu. Lililokubaliwa na wote asubuhi linakuwa ratiba ya kazi, na msimamizi hawezi kumfukuza mtu kwa kufuata ratiba.

Mafundi wana msemo wao, zege halilali. Ni kweli, likishachanganywa halisubiri. Lakini hakuna anayezuiwa kulichanganya saa kumi na mbili asubuhi.

Na hatuombi hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua saa moja. Oman, waliko ndugu zetu wengi, kazi za juani zinakatazwa kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti, na majengo ya Muscat bado yanaisha.

Ramadhani inatarajiwa kuanza mwanzoni mwa Machi, jua likiwa utosini. Aliyefunga hawezi kunywa mchana, basi kazi nzito apangiwe alfajiri na aimalize kabla jua halijakomaa. Ambaye hakufunga asichukuliwe kuwa hachoki.

*MAAZIMIO YANAYOPENDEKEZWA*

*Kwanza*, ujenzi wa ofisi ya tawi wa kila Jumamosi, kuanzia tarehe 15 Februari, utaanza saa kumi na mbili asubuhi na kukoma saa nne. Turubai itafungwa kwanza, kazi baadaye. Hatuwezi kudai kwa wengine tusilolifanya kwetu.

*Pili*, maji yatalipiwa na mfuko wa tawi. Hesabu ni hii: mtu mmoja, glasi moja ya robo lita kila dakika 20, kwa saa nne, ni lita tatu. Watu 30 ni lita 90, yaani ndoo tano za lita 20. Gharama ya ndoo tano za maji yaliyochemshwa haifikii ujira wa kibarua mmoja wa siku. Atakayetuambia maji ni ghali atuletee hesabu yake.

*Tatu*, watu watafanya kazi wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Anayezidiwa na joto huwa wa mwisho kujijua. Mgeni apewe kazi nyepesi wiki ya kwanza.

*Nne*, Mwenyekiti na Katibu, pamoja na Serikali ya Mtaa, wataonana na msimamizi wa jengo lile wiki hii kuhusu mambo mawili: ratiba ya mapumziko na ujira wa kijana ambao haujalipwa. Tukikosa jibu, barua itakwenda ofisi ya kazi na OSHA.

*Tano*, kila kiongozi wa shina alete majina ya wanachama wake wanaofanya kazi juani na mahali walipo, ili tuwafikie kabla ya Machi.

Maoni yapelekwe kwa viongozi wa mashina kabla ya Ijumaa jioni. Jumamosi kila mtu aje na kofia na chombo chake cha kunywea.

Sasa tuingie kwenye ada.

*Katibu wa Tawi*