Uajiri wa Mkutubi wa Machapisho ya Mfululizo katika Maktaba za Vyuo Vikuu: Mtazamo kutoka Kitui na Makueni

1. Utangulizi

Machapisho ya mfululizo ni maandishi yanayotolewa sehemu kwa sehemu, kila sehemu ikiwa na namba au tarehe yake, bila mwisho uliopangwa tangu mwanzo. Kundi hili hujumuisha majarida ya kitaaluma, magazeti, ripoti za kila mwaka na Gazeti Rasmi la Serikali. Yanatofautiana na vitabu kwa kuwa kitabu hununuliwa mara moja na kazi ikaisha, ilhali usajili wa jarida ni ahadi inayotimizwa mwaka hadi mwaka, na mwaka mmoja ukirukwa, pengo hubaki rafuni. Mada hii inashikilia kwamba mkutubi wa kitengo hiki achaguliwe kama mtunzaji wa ahadi hiyo, wala si kama karani wa manunuzi.

2. Mazingira ya Kitui na Makueni

Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye makao yake Kwa Vonza katika Kaunti ya Kitui, kilianza mwaka 2008 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kikapewa hati ya kujitegemea Machi 2013, na kimewahi kufundisha pia Wote na Mtito Andei katika Kaunti ya Makueni. Chuo kilichojengwa katika nyanda kame huhitaji majarida yanayohusu mtama, pojo, malisho, maji na udongo, na baadhi ya maarifa hayo yamo katika machapisho ya ukanda huu wenyewe, kama vile East African Agricultural and Forestry Journal, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1935 na ambalo hutolewa na shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lenye kituo Kiboko, Makueni.

Aidha, maktaba za Kenya hazinunui kila moja peke yake. Muungano wa maktaba unaojulikana kama KLISC, ulioundwa mwaka 2003, huwawezesha wanachama kuchangia gharama za majarida ya kielektroniki. Mpango wa Research4Life, ambao tawi lake la afya, Hinari, lilianza 2002 na la kilimo, AGORA, 2003, hutoa majarida bure au kwa bei nafuu kwa taasisi za nchi zinazostahiki. Na African Journals Online, iliyoanza 1998, hukusanya majarida ya Afrika. Mkutubi asiyeijua milango hii huweza kulipia kile ambacho chuo tayari kinakipata.

3. Kazi yenyewe

Ugumu wa kwanza ni wa kalenda na fedha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai na kuisha Juni, ilhali usajili wa majarida mengi huanza Januari na kuisha Desemba, tena kwa bei za dola, euro au pauni. Kwa hiyo malipo yasipopangwa mapema, shilingi inaposhuka thamani bajeti hupungukiwa kabla ya ankara kufika. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaruhusu ununuzi wa moja kwa moja pale ambapo bidhaa ina muuzaji mmoja tu, lakini ni mkutubi anayepaswa kuthibitisha kwa maandishi kwamba jarida linalotakiwa halina mbadala.

Ugumu wa pili ni wa wakala, yaani kampuni inayokusanya usajili wa maktaba nyingi na kuwalipa wachapishaji. Mwaka 2014 wakala mkubwa wa Uholanzi, Swets, alifilisika, na maktaba zilizokuwa zimemlipa kabla zikapata hasara. Funzo lake ni kwamba uchunguzi wa hali ya wakala hutangulia malipo.

Tatu, kila toleo hupaswa kusajiliwa linapofika, na lisipofika, barua ya madai iandikwe kabla muda uliowekwa na mchapishaji haujapita. Programu huria ya Koha ina sehemu inayokadiria tarehe za matoleo na kuonyesha yaliyochelewa, lakini si programu inayoandika madai yenye nguvu. Kwa majarida ya kielektroniki, leseni ndiyo husema iwapo maktaba itaendelea kusoma matoleo iliyoyalipia hata baada ya usajili kukoma, na swali hilo huulizwa kabla ya kutia saini.

4. Sifa na usaili

Ibara ya 232 ya Katiba ya 2010 inataka uteuzi katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na ustahili. Shahada ya ukutubi ni lango tu. Jopo limpe kila mwombaji ankara, orodha ya matoleo yenye mapengo, leseni fupi na takwimu za matumizi, kisha limtake aonyeshe toleo lililokosekana, kifungu cha hatari, na gharama ya kila makala iliyosomwa, ambayo hupatikana kwa kugawa bei ya usajili kwa idadi ya usomaji.

5. Mapendekezo

Tangazo la kazi litaje majukumu hayo waziwazi. Mkutubi ahudhurie kikao cha bajeti kabla ya Julai. Na kumbukumbu zote ziwekwe kwa jina la cheo, si la mtu, ili anayeondoka asiondoke na historia ya usajili. Majopo yanayoajiri yazingatie haya kabla ya kutangaza nafasi, kwa kuwa pengo la miaka rafuni halizibwi kwa kumwajiri mtu mwingine baadaye.