Mtoto wa Mwaloni Naye Ana Sheria: Tunachojifunza kwa Jaji Martha Koome

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana wa chama, Ujiji. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa.)



Nimeombwa nizungumze kuhusu vijana na uongozi wa umma. Kusema kweli nilipopewa mada hii nilitaka kuikimbia. Kila semina tunaambiwa vijana tugombee, vijana tuingie kwenye mabaraza. Sawa, tugombee. Tukishaingia tunakwenda kufanya nini? Ndiyo maana leo nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja aliyeingia kwenye utumishi wa umma akabeba jambo moja kwa miaka mingi, kila alipohamia akahama nalo. Jambo lenyewe ni haki ya mtoto aliyekamatwa. Mtu mwenyewe ni Jaji Martha Koome wa Kenya.

Najua kuna mtu kule nyuma ameshaguna: Kenya tena, sisi watu wa mwisho wa reli inatuhusu nini? Subirini. Naanzia hapa hapa kwetu, kwa mdogo wangu.

Ni mtoto wa mama mdogo. Nimemwomba ruhusa, akaniambia, "Dada sema, ila jina langu usitaje." Alikuwa na miaka 13. Shule ikifungwa alikuwa anashinda mwaloni, anageuza dagaa juani, anabeba maji, jioni anasaidia kupakia mitumbwi inayokwenda kuvua usiku. Asubuhi moja betri ya taa za kuvulia ikapotea. Waliokuwepo walikuwa wengi, aliyekamatwa ni yeye, kwa sababu ndiye hakuwa na mtu wa kumsemea.

Alilala kituoni usiku tatu. Kituo sitakitaja na sina haja ya kukitaja, maana mnajua kingeweza kuwa kituo chochote. Alilala selo moja na wanaume wazima. Mama mdogo alipokwenda kusema huyu ni mtoto, akaulizwa cheti cha kuzaliwa. Hana. Ana kadi ya kliniki iliyoloa mvua, mwaka hausomeki. Akaambiwa, "Mama, mtazame mikono hiyo, huyo ni mtu mzima." Jamani! Mikono ina sugu kwa sababu anavuta kamba tangu ana miaka tisa, ndiyo iwe ushahidi wa umri?

Siku ya nne betri ikapatikana kwa mtu mwingine, mtoto akaachiwa. Hakuna kesi, hakuna samahani. Shule ilipofunguliwa alikwenda wiki mbili, akaacha. Hajawahi kutuambia yaliyotokea zile siku tatu, na sisi tumeacha kumuuliza.

Wakati huo nilikuwa kidato cha nne. Leo nasoma sheria, na mwaka huu ndiyo nimekaa nikaisoma vizuri Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Niliisoma nikiwa na hasira, maana kila kitu kimo. Mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Anatakiwa kuwa na mahakama yake, Mahakama ya Watoto, isiyokaa hadharani, afisa ustawi wa jamii awepo, mzazi au ndugu awepo, na mtoto mwenyewe apewe nafasi ya kusema. Umri ukibishaniwa, mahakama inatakiwa kufanya uchunguzi. Haikuandikwa popote kwamba umri unapimwa kwa sugu. Kifungu cha 119 kinasema mtoto hatahukumiwa kifungo cha gerezani. Na polisi wana wajibu wa kuhakikisha mtoto hachanganywi na watuhumiwa wazima.

Sasa nisikilizeni hapa. Kwenye wajibu huo wa polisi kuna maneno madogo: kadiri inavyowezekana. Mahakama ya Watoto nayo, inapotakiwa kukaa kwenye jengo tofauti na la watu wazima, ni pale inapowezekana. Mdogo wangu alilala ndani ya maneno hayo. Chumba kilikuwa kimoja, kwa hiyo "haikuwezekana".

Mwanasheria anaweza kubishana na maneno hayo mahakamani. Lakini nani anayeamua nini kinawezekana? Ni mtu aliye ofisini. Ni anayepanga bajeti, anayejenga kituo, anayeajiri afisa ustawi, anayetembelea selo bila kutoa taarifa. Hapo ndipo Jaji Koome anapoingia.

Martha Koome alizaliwa Meru mwaka 1960, kwenye familia ya wakulima. Akasoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akamaliza mwaka 1986. Kumbukeni Kenya ya wakati huo ni ya chama kimoja, na wakili kijana aliyetaka kula vizuri alijua pa kusimama. Yeye alisimama na watu wa haki za binadamu, na baadaye akaongoza FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kinachosaidia kina mama wasio na uwezo. Ukikaa miaka na kina mama mahakamani, utakutana na watoto tu.

Mwaka 2003 akateuliwa Jaji wa Mahakama Kuu, mwaka 2012 akapanda Mahakama ya Rufani. Wengi wetu tungeona safari imeisha: gari lipo, mlinzi yupo, heshima ipo. Mwaka 2016 Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, akaunda kikosi kazi maalumu cha masuala ya watoto, na mwenyekiti wake akawa Koome.

Kazi ya kikosi kazi haina makofi. Hakuna anayejaza uwanja kwa sababu umekagua mahabusu ya watoto. Ni kwenda kuona, kuhesabu, kuandika, kurudi. Kesi ngapi za watoto zimelala, na kwa nini? Polisi anamweka wapi mtoto usiku? Kikosi kile kiliwakalisha meza moja mahakama, polisi, waendesha mashtaka, magereza na ustawi wa watoto, watu ambao kawaida kila mmoja anasema "hilo si la idara yangu". Wenzetu wakafikia pia kutenga mwezi wa Novemba kila mwaka kusukuma kesi za watoto, ili mtoto asizeekee kwenye faili.

Mei 2021 akaapishwa kuwa Jaji Mkuu, mwanamke wa kwanza Kenya. Mwaka uliofuata, 2022, Kenya ikapata Sheria mpya ya Watoto iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Sitawadanganya kwamba aliitunga yeye peke yake. Sheria hutungwa na Bunge, na wapo wengi waliosukuma. Lakini tazameni kilichomo. Zamani Kenya mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa kwa jinai. Sheria mpya imepandisha hadi 12, na aliye chini ya 14 anahesabiwa hana uwezo wa kupambanua mpaka mahakama iridhike vinginevyo. Imeweka pia utaratibu wa makosa ya mtoto kumalizwa nje ya mahakama, kwa kuonywa, kulipa alichoharibu, kurudi shule chini ya uangalizi.

Kwetu je? Kwetu umri ni miaka 10, na kati ya 10 na 12 ni mpaka ithibitishwe kwamba alijua anachofanya ni kosa. Kwa hiyo tulikuwa mbele ya Kenya. Mwaka 2009 sisi tulikuwa na sheria mpya ya mtoto na wao bado wana ile ya zamani. Wametupita tukiwa tumekaa.

Na si kwamba tulikosa makaratasi. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa ripoti ya ukaguzi ikionyesha watoto wakiwa wamewekwa kwenye magereza ya watu wazima. Ukaja mkakati wa serikali wa miaka 5 wa kurekebisha haki ya mtoto, 2013 hadi 2017. Mkakati mzuri kabisa, nimeusoma. Hebu mniambie, nani hapa anaweza kumtaja waziri aliyeubeba? (Kimya.) Mnaona? Mawaziri wanabadilishwa, faili linabaki kwenye kabati. Kenya mtu alipanda cheo faili likiwa kwapani.

Sasa nisieleweke vibaya. Koome si malaika. Kama Jaji Mkuu amekosolewa sana na Wakenya wenyewe, wakiwemo mawakili, na hiyo ndiyo demokrasia. Na Kenya bado kuna watoto wanaolala selo. Ninachochukua kwake ni hiki kimoja: aliijua kazi yake kabla hajapata ofisi, na ofisi ilipokuja hakuanza kutafuta kazi ya kufanya.

Turudi ziwani. Mahabusi za watoto tunazozisikia ni Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha, Mbeya. Shule ya Maadilisho ni Irambo, Mbeya. Pimeni wenyewe umbali kutoka hapa Ujiji. Hakimu wetu anaweza kuwa na moyo mzuri kabisa, ampeleke wapi mtoto? Mama wa Mwamgongo au Kagunga akisikia mwanawe kakamatwa mjini, kwanza asubiri boti, ziwa likichafuka alale. Sheria inasema mzazi awepo. Ziwa linasema kesho.

Halafu cheti. Siku hizi watoto wa chini ya miaka 5 wanasajiliwa bure kwenye vituo vya afya, jambo jema, tulisifu. Lakini anayekamatwa mwaloni leo ana miaka 12, 13, 15, usajili ule haukumkuta. Na kwa Kigoma swali la umri lina ndugu yake. Mtoto akikosa cheti, swali la pili ni baba yake alivuka lini kutoka ng'ambo. Mnacheka, lakini wapo humu walioulizwa hivyo wakiwa wanaomba kitambulisho tu. Sasa muulizeni mtoto, peke yake, saa nane usiku.

Tufanye nini? Sisi hatuna serikali, lakini tuna midomo, na wengine wetu tutagombea udiwani. Maafisa ustawi wa jamii wako chini ya halmashauri. Hilo ni la diwani kabisa, halihitaji kusubiri Dodoma. Naomba kila anayejiandaa kugombea aweke maswali matatu mfukoni.

Swali la kwanza: halmashauri yetu ina maafisa ustawi wangapi, na mtoto akikamatwa usiku nani anapigiwa simu? Namba hiyo ibandikwe mwaloni Kibirizi, ibandikwe Katonga, ibandikwe stendi.

Swali la pili: ni lini watendaji na watu wa usajili watashuka vijiji vya ziwani kwa boti, wakae siku mbili tatu, wamalize vyeti vya watoto waliokwisha kupita miaka 5?

Swali la tatu: kila kituo cha polisi kinachojengwa kwa nguvu za wananchi, na tunachangishwa sana, ramani yake ina chumba cha mtoto? Hatuombi ghorofa. Tofali ni zetu, mchanga ni wetu, tuombe ukuta mmoja.

Mzee mmoja aliniuliza asubuhi kabla hatujaanza: "Binti, kwa hiyo watoto wakituibia tuwaache?" Swali la haki, mzee wangu. Hapana. Mtoto akikosa ahojiwe, arudishe, aonywe, na kosa likiwa kubwa mahakama ina amri za kutoa, hata ya kumpeleka shule ya maadilisho. Kinachokatazwa ni kumchanganya na watu wazima halafu tushangae akirudi ni mtu mwingine. Ukimtia mtoto selo na wezi watatu usiku tatu, mzee wangu, umemlipia ada.

Na sisi wenyewe tujipime. Tunapiga kelele viongozi wetu wakikamatwa, na ni haki yetu kupiga kelele. Tunajaza kituo, tunaleta mawakili, tunarusha picha. Nani kati yetu amewahi kwenda kituoni kwa ajili ya mtoto asiye na kadi ya chama? Mimi sijawahi. Siku ile ya mdogo wangu nilibaki nyumbani nasomea mtihani. Kwa hiyo nikisema "tujipime" naanza na mimi.

Nikimaliza chuo sijui kama nitakuwa wakili, hakimu au mgombea. Nimeamua nitabeba nini, basi. Mdogo wangu sasa anakaribia miaka 18. Anaendesha bodaboda ya mtu. Akiiona difenda mbele anakata kona, hata kama ana leseni na kofia ngumu na hajafanya lolote. Abiria wanamuuliza mbona tunazunguka. Anawaambia njia ile ina mashimo.