Waya wa Intaneti Hadi Chumba cha Kazi



Mkaazi analipia intaneti kila mwezi, rauta inawaka sebuleni, lakini katika chumba cha juu anamofanyia hesabu za wateja wake sauti hukatika katikati ya kikao. Kazi humponyoka namna hiyo, na lawama zote humwangukia mtoa huduma. Mara nyingi mwenye kosa ni ukuta.

Nyumba kongwe za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikafikia unene wa nusu mita na zaidi. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba ni vyembamba na kuta ni nyingi. Unene uleule uliowakinga wazee na joto la kaskazi ndio unaomeza mawimbi ya rauta. Kikuza mawimbi nacho kinapopokea wimbi dhaifu hakina kikubwa cha kupeleka mbele.

Kabla ya kutoa fedha, mkaazi aichomeke kompyuta yake moja kwa moja kwenye rauta kwa waya mfupi. Intaneti ikiwa nzito hata hapo, tatizo si ukuta, na kuvuta waya ndani itakuwa hasara tupu. Ikiwa nyepesi, hapo ndipo fundi aitwe.

Fundi wa Mji Mkongwe asikimbilie kutoboa. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi za ujenzi humo zina taratibu zake. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iulizwe mapema. Waya waweza kupita kando ya ngazi au katika tundu la zamani la nyaya za umeme zilizokwisha kuondolewa. Tundu lizibwe kwa chokaa. Saruji huzuia unyevu usitoke, na jiwe la tumbawe huanza kumomonyoka pembeni yake.

Kule Jambiani au Makunduchi shida ni masafa. Ofisi ni banda lililo mwisho wa kiwanja, chini ya minazi. Waya wa shaba wa mtandao umewekewa ukomo wa mita 100. Ukizidi hapo, hauna dhamana. Uwe wa shaba halisi, kwani mwingi wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Lakini baina ya majengo mawili, hata masafa yakiwa mafupi, mkongo ni bora kuliko shaba. Mkongo ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, haupitishi umeme. Radi ya masika ikipiga karibu, shaba yaweza kuupeleka mshtuko wake hadi kwenye kompyuta na kwa aliyeishika. Gharama inayoongezeka ni vigeuzi viwili, kimoja kila upande, navyo vinahitaji umeme. Banda lisilo na umeme wa uhakika litengewe betri kwanza.

Mkongo ulazwe ndani ya bomba la plastiki, chini ya kina cha jembe. Na pale mtaro unapokata njia wanayopita watu, mwenye nyumba amwone Sheha kabla ya kuchimba, kisha aifukie njia siku hiyohiyo.