Mkataba wa Mkopo Usio na Stempu

Msikilizaji, umemkopesha mtu fedha. Mmeandikishana, mmesaini mbele ya mashahidi, wakili amegonga muhuri. Mkifika mahakamani, upande wa mdaiwa unasimama: "Mheshimiwa, hati hii haijalipiwa ushuru wa stempu. Isipokelewe." Hoja hiyo ina nguvu. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Ushuru wa Stempu, hapa Tanzania, kinazuia hati isiyolipiwa kupokelewa kama ushahidi.

Sikiliza vizuri hapa. Muhuri wa wakili si stempu ya ushuru. Narudia: muhuri wa wakili si stempu ya ushuru. Ushuru unalipwa serikalini, kwa Mamlaka ya Mapato, TRA.

Je, deni limekufa? Halijafa. Sheria inakuruhusu ulipe ushuru huo pamoja na faini, kisha hati ipokelewe. Mahakama ya Rufani imeshasema mdai apewe nafasi hiyo. Basi iombe! Inauma mtu kupoteza jasho lake kwa kutojua tu kwamba angeweza kuomba.

Ila usingoje kesi. Mkishasaini, peleka mkataba ofisi ya TRA iliyo karibu, lipa ushuru, tunza risiti pamoja na hati. Una mkataba wa zamani kabatini? Upeleke wiki hii.