Jembe Lisiwe Adhabu: Mazungumzo kwa Waalimu wa Kisumu



Ipo desturi ifaayo kuachwa: mtoto akikosa shuleni, hupewa jembe alime kuwa adhabu yake. Atajifunza nini ila kulichukia shamba? Kenya ilianzisha vyama vya 4K mashuleni mwaka 1962, ikavifufua mwaka 2021, ili watoto waungane, wafanye kazi na kuisaidia nchi. Lakini chama peke yake hakitoshi, wala kipindi kimoja cha kilimo. Chakula kina nafasi katika kila somo.

Katika hesabu, watoto na wapime dagaa wabichi, yaani omena, wawaanike juani, kisha wawapime tena na kutafuta asilimia ya maji yaliyotoka. Katika sayansi, waulizwe kwa nini dagaa mkavu haozi upesi, na kwa nini samaki aliwaye pamoja na mifupa yake huiimarisha mifupa ya mtoto. Katika jiografia, waufuate mto Nyando toka vilimani hadi uwanda wa Kano na ziwani, wapate kujua udongo wa mashamba ya juu huishia wapi mvua inaponyesha. Katika Kiswahili, waandike barua kwa mfanya biashara kuuliza bei ya mbegu.

Mambo hayo hayataki fedha nyingi. Yataka mizani, karatasi na mwalimu mwenye nia. Mtoto aliyefundishwa hivyo atalishika jembe kwa heshima ile ile aishikayo kalamu.