Mtoto Mwenye Ualbino ni Amana ya Nani?

(Hotuba kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa madrasa, Bukoba)

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.



Tarehe 30 Mei 2024, katika kijiji cha Bulamula, kata ya Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa kike mwenye ualbino, wa umri wa miaka miwili na nusu, alinyakuliwa nyumbani kwao. Tarehe 17 Juni mwili wake ulipatikana ukiwa umekatwa viungo. Mwezi huo huo watu tisa walifikishwa mahakamani hapa Bukoba, akiwamo baba mzazi wa mtoto. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, nasi hatumhukumu mtu. Lakini kwa kuwa tuhuma imefika hadi mlangoni mwa nyumba, yatupasa tujiulize kuhusu nyumba zetu wenyewe. Tumezoea kumtafuta adui wa mtoto huyu mbali, kwa mganga au kwa mgeni apitaye usiku. Je, ndani ya kuta zetu ana nani wa kumlinda?

Kwanza, tuzungumze na akina baba. Mara ngapi tumesikia mtoto wa namna hii akizaliwa, baba akasema, "Huyu si wangu," akamwacha mama peke yake? Bwana mmoja wa kabila la Fazara alimwendea Mtume (s.a.w.) akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto ambaye rangi yake haifanani na yake. Mtume hakumtuhumu yule mama. Alimuuliza bwana yule kuhusu ngamia wake: wana rangi gani? Akajibu kuwa ni wekundu. Je, hamna miongoni mwao wa rangi ya kijivu? Akakiri kuwa wamo. Basi hao wameitoa wapi rangi hiyo? Akasema huenda ni asili ya ukoo iliyowavuta. Mtume akamwambia kuwa huenda na mwanawe naye amevutwa na asili. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Elimu ya tiba ya zama zetu inasema hayo hayo kwa maneno mengine. Ualbino hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja. Kila mmoja wao huweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa, naye amebeba asili hiyo bila kujijua. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja katika nne wa kuzaa mtoto mwenye ualbino. Nchini kwetu inakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 1,400 ana hali hii, hali ya kuwa Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000. Basi wanaobeba asili hiyo ni wengi, nao wamo katika safu zetu za swala. Anayemkataa mwanawe kwa ajili ya rangi amekataa kilichotoka katika mgongo wake mwenyewe, na amemdhulumu mkewe kwa tuhuma nzito.

Pili, tumlinde na jua. Saratani ya ngozi huwaua wengi wao, nayo haipigi kelele kama muuaji wa usiku. Sisi wa Kagera hudanganywa na mawingu na mvua zetu, tukasahau kuwa tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na kwamba mionzi ya jua hupenya wingu. Mtoto huyu asipewe kazi ya kuanika kahawa wala dagaa mchana. Apewe kazi ya kivulini. Avae mikono mirefu na kofia pana. Kofia zetu za swala hazina ukingo: masikio, shingo na uso hubaki wazi. Hata binti mwenye hijabu, uso wake bado wahitaji kivuli. Yako mafuta maalumu ya kujikinga na jua, na mengine hutengenezwa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi. Akiota kidonda kisichopona, apelekwe hospitali mapema.

Tatu, macho yake. Hapa twakiri kosa letu sisi walimu. Tulipata kuwa na mwanafunzi wa namna hii, tukamketisha nyuma kwa kuwa alikuwa mrefu. Alipoisogeza juzuu hadi puani tulimkaripia ainue kichwa, na aliposhindwa kusoma ubaoni tulimwita mvivu. Akaacha kuja. Mama yake alitujia akasema, "Ustadhi, mwanangu si mvivu. Haoni ubaoni." Tuliona haya, kwani tulikuwa tumewasomesha wanafunzi hao hao Suratu Abasa, tukawaeleza namna Mtume alivyokumbushwa kwa ajili ya kipofu Ibn Ummi Maktum. Mtoto alirejea, akaketi mkeka wa mbele, tukamwandikia kwa herufi kubwa. Juzuu ile ameihitimu, walhamdulillah.

Asiwepo wa kusema kuwa watoto hawa hawana mbele. Dk. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, kisha akawa balozi wetu Ujerumani. Salum Barwany alichaguliwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010. Wote wawili walianza wakiwa watoto wa kulelewa.

Nne, ulinzi. Baada ya mauaji yaliyoikumba Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 2006 na 2007, watoto wengi walikusanywa katika shule za bweni, ikiwamo Mugeza Mseto hapa Bukoba. Shule hizo zimeokoa roho, lakini bweni halimwondolei mzazi wajibu. Tuwatembelee, likizo tuwapokee. Aliye nyumbani asitumwe peke yake gizani, wala asiachwe nje usiku wakati wa senene. Jirani ajue jina lake, na jina hilo lisiwe "zeruzeru" wala "dili". Suratul Hujurat, aya ya 11, imetukataza kuitana kwa kejeli. Na anayekwenda kwa mganga kutafuta utajiri ajue kuwa, pamoja na shirki, yeye ndiye mnunuzi anayeifanya biashara hii ya damu iwepo.

Ndugu zetu, Suratut Takwir, aya ya 8 na ya 9, imetaja kuwa binti aliyezikwa hai ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Wa Bulamula naye ataulizwa. Tuogope siku ambayo jibu lake litatutaja sisi majirani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wa amana Zake. Amin.

Wabillahi tawfiq.